Mtoto na Watu Wake: Mhadhara Juu ya Mfungamano wa Utotoni



Nimeombwa nizungumzie miaka mitatu ya kwanza ya mtoto na jinsi hisia zake zinavyojengeka. Nitasema jambo moja, kisha nitalitetea. Mtoto mchanga anahitaji watu wachache anaowajua, wanaomwitikia na wanaorudi. Kazi yetu sisi wengine, kuanzia baba mwenye nyumba hadi serikali, ni kuwalinda watu hao wachache wasielemewe, na kuhakikisha hawaondolewi ovyo katika maisha ya mtoto. Tumekubali kwamba chanjo ni haki ya mtoto, na kwamba uji wenye virutubisho ni haki yake. Kuwa na mtu wake ni haki ya daraja hilohilo.

Sebule za Buganda

Ukisoma vitabu vingi vya saikolojia utadhani elimu ya mfungamano wa mtoto na mlezi ilizaliwa Ulaya na Marekani, kisha ikasafirishwa kuja kwetu. Sehemu yake kubwa ilianzia karibu na Ziwa Victoria.

Mwaka 1951 daktari wa London, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliopoteza makazi baada ya vita. Alisema kwamba afya ya akili ya mtoto inategemea uhusiano wa karibu na usiokatika kati yake na mama, au na mtu anayeshika kabisa nafasi ya mama. Wakati huo wasomi wengi waliamini mtoto humpenda mama kwa sababu tu mama ndiye mwenye maziwa. Bowlby alikataa. Aliona kwamba kutafuta ukaribu wa mtu ni hitaji la asili linalojitegemea, kama vile njaa inavyojitegemea.

Msaidizi wake mmoja, Mary Ainsworth, alikuwa na shaka na hoja hiyo. Mapema mwaka 1954 alifika Kampala na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Katika vijiji vya jirani alichagua familia 26 zenye watoto wadogo 28. Alizitembelea kila baada ya wiki mbili, kwa saa mbili hivi kila mara, na baadhi yake kwa miezi tisa. Alifuatana na mkalimani wake, Katie Kibuka. Walikaa sebuleni alasiri, wakati ambao akina mama wa Kiganda walizoea kupokea wageni, wakazungumza na mama huku wakimtazama mtoto.

Alichokuja kuchunguza ni kuachishwa ziwa. Alikuwa ameambiwa kwamba kwa desturi ya Waganda mtoto anayeachishwa hupelekwa kwa bibi yake ili alisahau ziwa, naye alitaka kuona kutengana huko kunamfanya nini. Alikuta familia nyingi zimekwisha kuiacha desturi hiyo. Akageukia jambo jingine lililokuwa mbele ya macho yake: jinsi mtoto anavyojifunga kwa mama, hatua kwa hatua.

Aliona mtoto akilia mikononi mwa mtu mwingine na kunyamaza akirudishwa kwa mama. Aliona mtoto anayetambaa akiondoka miguuni pa mama kwenda kumchungulia mgeni, akageuka kumtazama mama, kisha akaendelea. Mama akiinuka kutoka, uchunguzi uliisha papo hapo na mtoto akamfuata. Katika matendo madogo ya namna hiyo Ainsworth alilipata wazo lililobeba kazi yake yote ya baadaye: mlezi ni kituo cha salama, ambako mtoto huanzia safari zake za kuijua dunia na kurudi akiogopa. Mtoto mwenye uhakika na mlezi wake ndiye huthubutu kwenda mbali.

Kati ya watoto hao 28, aliwahesabu 16 kuwa na mfungamano salama. Wengine 7 hawakuwa na uhakika. Walilia mara kwa mara hata mama akiwepo. Waliobaki 5 walikuwa bado hawajaonesha mfungamano wowote wa wazi. Alipotafuta sababu, hakuikuta katika idadi ya watu waliosaidia kumlea mtoto. Kilichokwenda sambamba na usalama wa mtoto kilikuwa muda ambao mama mwenyewe alimhudumia, furaha aliyoipata katika kunyonyesha, na zaidi ya yote, jinsi alivyoweza kumweleza mtoto wake. Mama aliyeweza kusema bila kutafuta maneno kwamba huyu hupenda kushikwa hivi, huchoka saa fulani, jana amefanya jambo jipya, ndiye ambaye mtoto wake alikuwa na utulivu.

Naomba wauguzi wa kliniki za mama na mtoto walitie akilini hilo. Tunampima mtoto uzito, tunajaza kadi, tunamwita anayefuata. Swali moja tu, "Mama, mtoto wako ni mtu wa namna gani?", linaweza kutuonesha mengi ambayo mizani haioneshi. Mama anayejibu kwa tabasamu na habari tele tumpongeze. Mama anayetazama chini na kukosa la kusema tusimpite.

Mfungamano unavyojengeka

Katika miezi miwili ya mwanzo mtoto hugeukia sura yoyote na sauti yoyote, ingawa sauti na harufu ya mama ameshaanza kuitambua. Kuanzia mwezi wa tatu hivi tabasamu lake huanza kuchagua watu. Kati ya mwezi wa saba na wa tisa huja badiliko kubwa: mtoto aliyekuwa akichukuliwa na kila jirani sasa anaficha uso akiona mgeni, na analia mama akitoka nje. Wengi husema mtoto ameharibika, anadeka. Ukweli ni kwamba amekomaa. Amejua sasa watu wake ni nani. Kufikia mwaka wa tatu anaanza kustahimili kutengana kwa muda, kwa kuwa amejifunza kwamba anayeondoka hurudi.

Mfungamano huo hujengwa na mambo ya kila siku. Mtoto mchanga hawezi kujituliza. Anaposhtuka, moyo humwenda mbio, pumzi humpanda, mwili hujaa homoni za taharuki. Anaposhushwa taharuki hiyo kwa kubebwa, kupigwapigwa mgongoni na kusikia sauti anayoijua, mwili wake unajifunza njia ya kurudi katika utulivu. Akitulizwa hivyo mara maelfu katika miaka miwili, anaanza kuweza mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na tano anayeweza kukasirika bila kupiga mtu alianza kulijifunza hilo mgongoni, ndani ya mbeleko.

Katika miaka ya 1970, Edward Tronick wa Marekani alionesha jinsi mtoto anavyoutegemea uso wa mlezi. Aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha wakaze uso kwa dakika chache bila tabasamu wala jibu. Watoto walijaribu kila walichokijua: wakatabasamu, wakatoa sauti, wakanyoosha mikono. Waliposhindwa waligeuza uso, wakalegea, wengine wakalia. Mama hakuwa ameondoka, na wala mtoto hakuwa na njaa. Kilichokosekana ni mwitikio.

Leo naomba kila mzazi ajiulize ni mara ngapi kwa siku uso wake hukaa hivyo mbele ya mtoto, macho yakiwa kwenye simu. Lakini sikusudii kuwatia hofu. Tronick huyohuyo aligundua kwamba hata mama na mtoto wanaoelewana vizuri hulingana kwa sehemu ndogo tu ya muda wao, kama theluthi moja. Muda uliobaki hupishana, kisha hurekebishana. Mtoto hahitaji mzazi asiyekosea. Anahitaji mzazi anayegundua kwamba wamepishana, akamrudia.

Ainsworth aliporudi Marekani alifuatilia familia nyingine 26 huko Baltimore, na matokeo yake kamili yakatoka katika kitabu mwaka 1978. Alibuni jaribio la chumbani: mtoto wa mwaka mmoja anaachwa na mama kwa dakika chache, kisha mama anarudi. Jambo la kutazamwa ni kurudi huko. Wengi walimkimbilia mama, wakatulia, wakarudi kwenye michezo. Hao ni wenye mfungamano salama. Wengine walimng'ang'ania mama huku wakimsukuma, wasitulizike. Kundi jingine lilimpuuza mama kana kwamba hajaingia. Watafiti waliopima mapigo ya moyo ya watoto wa kundi hili walikuta mwili wao una taharuki, ila wameshajifunza kutoionesha. Mtoto huyo tunamsifia: hasumbui, halii, mwachie yeyote. Tumtazame vizuri kabla ya kumsifu.

Baadaye Mary Main na Judith Solomon walieleza kundi la nne: watoto wanaoganda, wanaomwendea mzazi kisha wakarudi nyuma, wasio na njia yoyote iliyonyooka. Mara nyingi hao ni watoto wanaomwogopa mlezi wao au waliozungukwa na vitisho. Mtoto akitishwa, silika humwambia amkimbilie mlezi. Anayetisha akiwa ndiye mlezi, hakuna pa kukimbilia. Ndiyo sababu nasema bila kuzunguka: mtoto wa mwaka mmoja au miwili hapigwi. Kipigo hakimfundishi kosa lake, maana bado halielewi. Kinamfundisha tu kwamba mahali pake pa salama ni pa hatari.

Mchelea mwana kulia

Najua kitakachosemwa tukitoka hapa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ina mahali pake. Mtoto wa miaka saba anayekataa kwenda shule au anayemnyang'anya mdogo wake lazima akutane na neno hapana, hata kama atatoa machozi. Lakini mtoto wa miezi minne halii ili amtawale mtu. Hana lugha nyingine ya kusema ana njaa, amelowa, anaumwa au yuko peke yake.

Mwaka 1972 Sylvia Bell na Ainsworth walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: watoto ambao mama zao waliwaitikia upesi katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia kutimiza mwaka, na walikuwa na njia nyingi zaidi za kuwasiliana. Watafiti waliofuata walibishana juu ya mnung'uniko mdogomdogo, kama nao ni lazima ujibiwe papo hapo. Kuhusu kilio cha shida, ushauri umebaki mmoja: mwitikie.

Yapo pia mazoea mawili tunayoyafanya kwa nia njema, nayo yanaumiza. La kwanza ni kumtoroka mtoto. Tunasubiri asinzie au acheze, tunatoka kimyakimya ili asilie. Mtoto anayetorokwa anajifunza kwamba mtu wake anaweza kutoweka saa yoyote, hivyo humlinda kwa kumng'ang'ania kutwa. Mwage. Mwambie unakwenda na utarudi jioni, mwache alie mikononi mwa mtu anayemjua, na urudi kama ulivyosema. La pili ni kuachisha ziwa ghafla kwa kupaka shubiri au pilipili, na siku hiyohiyo kumsafirisha kwa bibi. Mtoto hupoteza ziwa na mama kwa siku moja. Kama safari ya kwa bibi ni lazima, bibi azoeleke kwanza, mama alale naye huko siku kadhaa, na kuachisha kusubiri.

Mikono mingi, lakini inayojulikana

Wapo wanaouliza kama elimu hii inatuhusu sisi, ambao mtoto wetu hubebwa na dada, shangazi, mama mkubwa na jirani. Je, hatuambiwi tumfungie mtoto ndani na mama yake peke yake?

Jibu limetoka katika nyumba zetu wenyewe. Huko Kisii, magharibi mwa Kenya, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman waliwachunguza watoto 26 waliokuwa wakilelewa na mama pamoja na walezi wengine, aghalabu dada zao wakubwa wenye jukumu la kuwatazama mama akiwa shambani. Walilifanya jaribio lile la Ainsworth nje ya nyumba ya mama, nalo likafuata desturi ya pale. Kwa kuwa Wagusii humpokea hata mtoto mdogo kwa kumpa mkono, mtoto mwenye mfungamano salama hakukimbilia kukumbatiwa. Alinyoosha mkono kwa shauku apokewe. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 1986, ulikuta asilimia 61 ya watoto wana mfungamano salama na mama, na asilimia 54 wanao na yule mlezi wa pili. Tena kila mfungamano ulikuwa na faida yake. Ule wa mama, ambaye ndiye mlishaji, ulihusiana na hali ya lishe ya mtoto. Ule wa mlezi, ambaye ndiye mwenza wa michezo, ulihusiana na ukuaji wa akili.

Mkono mmoja haulei mwana, na sayansi imekubali. Lakini tuisome methali hiyo kwa makini. Mikono ile ya Kisii ilikuwa ya watu walewale, kila siku, mwezi hadi mwezi. Mtoto anaweza kufungamana na mama, baba, bibi na dada kwa pamoja, akawa na tabaka kadhaa za ulinzi. Hawezi kufungamana na msafara wa watu wanaopita.

Hapo ndipo ninapowaona wazazi wengi wa mijini wakiteleza bila kujua. Dada wa kazi anafika Januari, anaondoka Machi. Anakuja mwingine, anafukuzwa kabla ya Ramadhani. Wa tatu anadumu wiki tatu. Kwetu sisi wakubwa hizo ni shida za nyumba. Kwa mtoto wa miezi kumi ni misiba mitatu mfululizo, na kila mara tunastaajabu kwa nini usiku halali. Tukitaka mtoto atulie, tumtendee vizuri anayemlea: mshahara unaoeleweka na unaofika kwa wakati, siku ya kupumzika, chakula kilekile cha mezani, heshima mbele ya mtoto. Haki za mfanyakazi wa nyumbani na utulivu wa mtoto ni jambo moja. Na ikibidi aondoke, aage, asitoweke usiku.

Pasipo na mtu

Tunajua kinachotokea mtoto akikosa mtu kabisa, kwa sababu ya Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba na kubana uzazi wa mpango ili idadi ya watu iongezeke. Familia zilizoshindwa kulea ziliwapeleka watoto katika makao ya serikali. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya 100,000 humo. Wengi walilishwa na kuvishwa kwa ratiba, na wahudumu wachache wa zamu. Waliofika baadaye kuchunguza walisimulia ukimya wa vyumba vya wachanga. Watoto hawakulia, maana kilio hakikuwa kimewahi kumleta mtu.

Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza utafiti Bucharest mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watoto 136 wenye umri wa kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, nusu yao walipelekwa katika familia za malezi ya kambo zilizoandaliwa na kulipwa na mradi, na nusu waliendelea na utaratibu uliokuwepo. Walipofikia miaka mitatu na nusu, karibu nusu ya waliokwenda kwenye familia walikuwa na mfungamano salama. Kwa wale wengine walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliopona vizuri zaidi. Chakula kilikuwepo pande zote mbili. Tofauti ilikuwa ni kuwa na mtu.

Tusiisome habari hiyo kama ya Wazungu wa mbali. Afrika Mashariki ina makao mengi ya watoto, na wengi wa watoto walio humo wana mzazi aliye hai au ndugu. Kilichowafikisha huko ni umaskini. Baadhi ya makao hupokea wageni wa kujitolea, wanaokaa wiki mbili na kuondoka. Mgeni huingia, watoto wasiomjua wanamkimbilia, wanamkumbatia, wanamkalia mapajani, naye anaandika kwao kwamba hajawahi kuona watoto wenye upendo namna hii. Kumkimbilia kila mtu si upendo. Ni dalili inayojulikana ya mtoto asiye na mtu wake, na kila mgeni anayeondoka anaizidisha.

Njia bora ipo, na sheria zetu zinaijua. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, na maofisa ustawi wa jamii wanafanya kazi na familia za kuaminika zinazompokea mtoto kwa dharura. Kenya imeweka mkakati wa kitaifa wa miaka 2022 hadi 2032 wa kuhamisha malezi kutoka kwenye makao kwenda kwenye familia. Anayetaka kutoa sadaka kwa yatima afikirie kwanza kumlipia bibi wa mtoto huyo kodi ya nyumba, ili mtoto asifike makaoni.

Kumshika anayemshika mtoto

Nimesema mengi juu ya mlezi. Sasa niseme juu yetu.

Hospitali zetu zina jambo jema ambalo nchi tajiri zilichelewa kulijua. Mwaka 1952 James Robertson alitengeneza filamu London juu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane huku wazazi wakiruhusiwa kumwona kwa nadra. Huzuni ya mtoto yule ilichangia mabadiliko, na mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi wawe huru kuwatembelea watoto wao wodini. Kwetu mama hulala na mtoto wake wodini. Tusiiache desturi hiyo kwa kisingizio cha usasa. Hata mtoto njiti hana haja ya kutengwa. Huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, humweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 25 ikilinganishwa na kusubiri.

Arobaini ya pwani nayo ni hazina. Kwa siku arobaini mzazi hapiki wala hafui. Anakandwa maji ya moto, analishwa, na yote anayotakiwa kufanya ni kumjua mtoto wake. Leo mama wengi hutoka hospitali kwenda chumba cha kupanga wasipo na ndugu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na tatizo kubwa ni sonona. Mama mwenye sonona humpenda mtoto wake, lakini uso wake umefungwa na ugonjwa. Kumlaumu ni kumtibu kwa sumu.

Dawa yake si lazima iwe ghali. Khayelitsha, mtaa wa watu maskini jijini Cape Town, wanawake wa mtaa huohuo wasio na shahada yoyote walifundishwa kuwatembelea wajawazito nyumbani, wakaendelea hadi mtoto alipofikisha miezi sita. Walimketisha mama na kumwonesha mtoto wake anavyotazama, anavyosikia, anavyoomba. Watoto walipofikia miezi 18, asilimia 74 ya waliotembelewa walikuwa na mfungamano salama, dhidi ya asilimia 63 ya wasiotembelewa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2009. Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwaka 2021, na malezi yenye mwitikio ni nguzo yake mojawapo. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Ziara zile zinawezekana hapa, na mhudumu anayezifanya alipwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inampa mama likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Waajiri wengi huzihesabu saa hizo kama fadhila. Ni sheria. Baba anapewa angalau siku 3. Kenya humpa wiki mbili. Siku tatu hazimtoshi baba kujifunza hata kumvisha mtoto nepi. Baba naye ni mtu wa mtoto: Ainsworth aliona Buganda watoto waliofungamana na baba zao ingawa hawakuwaona kutwa nzima.

Na mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania alitoa waraka uliozuia bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi la nne. Ulipingwa na baadhi ya wazazi na wenye shule. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa miaka mitano anaweza kufundishwa kutandika kitanda bwenini, lakini hakuna mwalimu wa zamu anayeweza kuwa mtu wa watoto arobaini usiku.

Kwa wale ambao wamenisikiliza wakikumbuka utoto wao wenyewe, au makosa waliyokwisha kuwafanyia watoto wao, nasema hivi: mfungamano wa utotoni si hukumu ya maisha. Watoto wa Bucharest walipopata familia walibadilika. Mtu mmoja wa kudumu, awe bibi, mwalimu au baba wa kambo, anaweza kumfungulia mtoto njia nyingine. Mapema ni bora, na kuchelewa ni afadhali kuliko kukata tamaa.

Basi ombi langu kwenu ni la vitendo. Mwuguzi, muulize mama habari za mtoto wake na umsikilize. Mwajiri, mpe mama saa zake mbili. Baba, mchukue mtoto usiku wa leo, mama alale. Jirani, mpelekee mzazi uji bila kusubiri akuombe. Mwenye makao ya watoto, mtafute shangazi wa kila mtoto uliye naye, na umsaidie shangazi huyo. Serikali, walipeni wanaotembelea nyumba za wazazi. Mtoto hawezi kuandamana kudai haya, wala hana kura. Tumdaie sisi.